Kumuaga Mzee Pima, na Injini Aliyoifungua Nyumbani Kwake

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa injini wa karakana yetu atanawa mikono kwa sabuni ya unga kwa mara ya mwisho, atavua ovaroli na kwenda zake nyumbani. Atakuwa amemaliza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Katika miaka yote hiyo aliumwa mara mbili na kuchelewa mara moja. Siku hiyo moja aliyochelewa alikuja na barua ya kueleza sababu, akaibandika mwenyewe ubaoni ili sote tuisome.

Ratiba ya sherehe mliyoishika inamtaja kuwa "mtumishi wa karakana". Mimi namwita fundi mkuu wa injini, kwa sababu ndicho alichokuwa, na kwa sababu ukurasa huu wa jarida letu nimepewa mimi niuandike. Niliambiwa niandike mambo mepesi, ya kuchekesha kidogo. Yapo, nitayatoa. Lakini nimekuwa mtunza stoo hapa kwa miaka ishirini na miwili, nimempitishia dirishani karibu kila nati aliyoifunga, na nina langu la kusema kabla hajatoka getini. Linahusu faili lake. Kila mtu hapa anajua kilichoandikwa mle: kwamba dereva wetu alikufa kwa uzembe wa fundi. Kwa sababu ya sentensi hiyo leo hatapewa cheti cha utumishi uliotukuka, na kwa sababu ya sentensi hiyo hiyo dada yake wa tumbo moja hajamsemesha kwa miaka minne.

Tuanze na mazuri basi.

Jina la Mzee Pima alipewa mwaka wake wa kwanza, wakati hata mvi moja hana. Alikuwa hafungi kitu bila kukipima. Umletee pistoni mpya, ingali na mafuta ya kiwandani, ataipima. Umwambie saizi imeandikwa kwenye boksi, atakujibu kwamba boksi haliingii ndani ya injini. Siku moja alikuja dirishani kwangu kuchukua gasketi, kalamu yangu ikaviringika ikaanguka chini, naye akatoa kipimo chake mfukoni na kuniarifu kwamba kaunta yangu imeinama milimita nne upande wa kushoto. Nikamwambia akapime kichwa chake. Asubuhi yake nilikuta kaunta imetiwa kibati chini ya mguu, imekaa sawasawa, na mpaka leo hajakiri kwamba ni yeye.

Meneja aliyepita aliwahi kuleta gari lake la nyumbani, linagonga mbele kila likipita kwenye shimo. Mafundi watatu walilala chini yake kutwa nzima, wakabadilisha hiki na kile, kugonga kuko pale pale. Mzee Pima akaja, akaketi kiti cha nyuma, akaomba lisukumwe kidogo, kisha akapitisha mkono chini ya kiti cha mbele na kutoa chupa tupu ya soda. Aliiweka juu ya boneti akarudi kwenye injini zake, na wale watatu waliitwa Soda kwa miezi kadhaa.

Amefundisha mafundi kumi na saba, na wawili kati yao wana gereji zao wenyewe sasa. Injini alizozifungua na kuzifunga nilijaribu kuzihesabu kwenye vitabu vya stoo, nikachoka zilipopita mia nne. Kila moja aliitia nukta ya rangi nyeupe ubavuni. Ndiyo desturi yetu: fundi anayekaza nati ya mwisho anatia nukta yake, na kuanzia hapo injini ni yake, likitokea lolote anaulizwa yeye.

Mimi nami nilikuwa na alama yangu. Boksi la spea likiingia stoo nalifungua, nahakiki kilichomo kimoja kimoja, nalifunga tena kwa utepe wa buluu na kutia sahihi juu yake. Mafundi wote waliukubali utepe wangu, isipokuwa yeye. Miaka saba alikuwa akiukata mbele ya macho yangu na kupima upya nilichokwisha kukihakiki. Nilimnunia. Nilimwambia ananivunjia heshima mbele ya watoto wadogo wa kazi, kwamba kama haniamini aje akae stoo yeye. Basi siku moja akachukua boksi la beringi, akautazama utepe, akatikisa kichwa na kwenda kufunga bila kupima. Nilivimba kichwa wiki nzima. Niliwatangazia karakana nzima kwamba Mzee Pima amesalimu amri. Tangu hapo alipima vitu vya kila mtu, vyangu hakuvipima.

Sasa yale mengine.

Dereva aliyekufa tulimwita Shemeji, sote, hata tusio na dada. Alikuwa amemwoa yule dada yake Mzee Pima, na kwa kuwa fundi alimwita Shemeji basi jina likatuenea. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwepesi wa kucheka, anayependa lori lake kuliko koti lake la Jumapili. Lori hilo lilipoletwa injini yake imechoka, Mzee Pima aliifungua yote na kuifunga upya, akatia nukta nyeupe, na Shemeji akaondoka amefurahi. Siku ya tisa, katikati ya kona ya mlima, injini ilinoki, yaani ilikwama ghafla isigeuke tena. Lori likasimama papo hapo. Shemeji alishuka kwenda kuweka alama ya hatari nyuma, na basi lililokuwa likipanda halikumwona mapema. Tulimzika siku ya pili yake.

Tume ya watu watatu ilikaa siku moja. Hawakuifungua injini. Walitazama nukta nyeupe, wakasoma kitabu cha kazi, wakaandika: uzembe wa fundi aliyeifunga. Mzee Pima aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Walimwondoa kwenye injini wakampeleka upande wa matairi, na kwa miaka miwili mtu aliyefundisha mafundi kumi na saba alikuwa akijaza upepo. Baadaye walimrudisha kwenye injini kimyakimya kwa sababu hakuna aliyeweza kazi yake, lakini barua ya kumrudisha haikuandikwa, wala neno uzembe halikufutwa. Dada yake alisoma ripoti ile. Alimfungia mlango. Akimtaja kwa watu alimwita "yule fundi".

Injini yenyewe ilikaa karibu miaka miwili nyuma ya karakana chini ya turubai, hadi ilipouzwa kama chuma chakavu. Mzee Pima akainunua. Watu walinong'ona kwamba amechanganyikiwa, na mkewe alidhani hivyo hivyo. Mimi nilipomuuliza ya nini, aliniambia anataka kujua kama ni yeye aliyemuua mume wa dada yake. Alisema hawezi kustaafu bila kujua. Alihitaji mtu wa kuandika vipimo, mwenye mwandiko safi na anayejua namba za spea, akaniomba nije Jumamosi mchana, baada ya kazi. Nikakubali. Naapa sikuwa na wasiwasi wowote.

Banda lake liko nyuma ya nyumba, mabati juu, sakafu ya saruji aliyoimimina mwenyewe. Alikuwa amepitisha bomba nene la chuma kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye bomba akaning'iniza cheni bloki ya kuinulia. Meza ya zamani ya jikoni aliitandika gunia safi. Sufuria kubwa ya mkewe ilikuwa imekwishatekwa, ndiyo aliyooshea bolti kwa dizeli, na mama wa watu akipita mlangoni alikuwa akisonya na kuuliza kama na vijiko tunavihitaji. Ndani ya nyumba hata mapazia yalinuka dizeli. Lakini kila Jumamosi alituletea chai, na kila Jumamosi aliulizia tumefika wapi.

Hakuharakisha. Jumamosi ya kwanza hakufungua hata bolti moja. Aliizunguka injini na tochi, akanifanya niandike kila alama ya uvujaji na kila bolti iliyolegea. Hakuna iliyolegea. Akamwaga oili kupitia kitambaa cheupe, na kitambaani kukabaki vumbi la chuma linalong'aa, rangi ya shaba. Akaniambia niandike kwamba beringi imelika. Jumamosi ya pili alitoa silinda hedi. Silinda zilikuwa safi, pistoni hazikuwa na mkwaruzo. Ya tatu alitoa sampu, lile karai la oili la chini, na pampu ya oili, akaipima pampu mara tatu, nzima. Kila alichokikuta kizima niliona mabega yake yakishuka, maana kilikuwa kinampunguzia mahali pa kukimbilia. Kama si pampu, kama si bolti, kama si oili, basi ni mkono wake.

Jumamosi ya nne tulifika kwenye beringi. Kwa wenzetu wa ofisini: hizi ni vibati vilivyopindwa nusu mviringo, viwili viwili, vinavyoikumbatia krenki, ile shafti nzito inayozunguka ndani ya injini. Krenki ikichakaa inachongwa, inakuwa nyembamba kidogo, na beringi zake lazima ziwe nene kidogo; hizo zinaitwa saizi ya kwanza. Ukiweka jozi ya kawaida mahali pa saizi ya kwanza, jicho halioni tofauti. Lakini pengo linabaki, oili inakimbia, chuma kinasugua chuma, na baada ya siku chache injini inanoki. Krenki ya lori la Shemeji ilikuwa imechongwa. Zilihitajika jozi za saizi ya kwanza, na mimi ndiye niliyetoa boksi.

Akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipanga juu ya ubao kwa mpangilio wake. Nzima. Namba nne ilikuwa imeungua, nyeusi na buluu, imeng'ang'ania krenki hadi akaibandua kwa patasi. Alifungua tano na sita, nzima pia. Kisha akairudia namba nne, akaisugua mgongoni kwa kitambaa chenye dizeli, taratibu, mpaka alama iliyogongwa kiwandani ikatokea. Nilikuwa nimesimama begani kwake. Niliisoma alipoisoma. Ilikuwa jozi ya kawaida.

Hapo hapo nilikumbuka. Asubuhi ile Shemeji alikuwa dirishani kwangu, ameegemea kaunta, anahimiza lori lake huku akinisimulia kisa cha abiria aliyesahau mkwe wake kituoni. Nilikuwa nimefungua maboksi mawili kwa pamoja, moja la saizi ya kwanza na moja la kawaida, beringi zimetandazwa kaunta nzima, nami nacheka hadi machozi. Nilizirudisha huku nacheka. Nikafunga kwa utepe wa buluu, nikatia sahihi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyelibeba boksi kulipeleka kwa fundi.

Pale bandani nilisimama na daftari langu. Mzee Pima hakunitazama. Alikiweka kile kibati ubaoni, alama chini, uso juu.

"Andika," akasema. "Namba nne, imeungua, alama haisomeki."

Nikaandika. Mwandiko wangu uko pale, safi kabisa, hata nukta sikuisahau. Nilijiambia amenituma, nitaandikaje kingine. Ni uongo. Niliandika kwa sababu niliogopa, na niliona mlango wa kutorokea nikapita.

Alipokuwa ananawa mikono nilimfuata nikamwambia kwamba alama ilisomeka, kwamba sote wawili tumeiona.

"Aliyeifunga ni mimi," akasema. "Na kipimo kilikuwa mfukoni."

Nilimwomba tuende kwa wakubwa. Akakataa. Alisema mimi bado nina miaka mingi mbele na watoto shuleni, yeye amebakiwa na miwili, na Shemeji harudi kwa barua. Jumatatu yake niliingia stoo mapema nikalitafuta lile boksi jingine, la jozi za kawaida. Lilikuwa bado juu ya rafu, halijawahi kuguswa. Ndani mlikuwa na jozi moja ya saizi ya kwanza. Nililificha nyuma ya makopo ya rangi, na nikaendelea kuja kazini, kula mshahara, na kumsalimia asubuhi.

Injini ile aliijenga upya. Jumamosi kumi na moja nyingine. Krenki ilichongwa tena, mpaka saizi ya pili, na beringi mpya alinituma mimi nikazinunue. Ningeweza kukataa, lakini niliona hiyo ni adhabu yangu na haikuwa kubwa. Nilizileta na kumkabidhi mkononi. Alizipima zote, mbele yangu, moja baada ya nyingine, na nilishukuru alipopima. Alirudisha pistoni na ringi mpya, akakaza kila bolti kwa spana ya torki, ile inayopima mkazo, huku akinihesabia na mimi nikiandika, akaunganisha dumu la dizeli na betri ya kuazima. Ilikataa mara mbili. Ya tatu ikashika, ikatoa moshi mweupe, moshi ukakatika, na mshale wa oili ukapanda ukasimama palipotakiwa. Mkewe alipiga makofi mlangoni. Yeye aliketi juu ya tairi akaisikiliza saa nzima, kisha akaizima akasema hivyo ndivyo ilivyotakiwa ilie siku ile. Sasa iko ndani ya lori kuukuu la jirani, linabeba mchanga na kokoto, na halijarudi gereji. Hakuitia nukta nyeupe.

Nimeishi na haya miaka miwili. Nilidhani akistaafu yataisha, kwamba nitamwandikia mambo mazuri na machozi yatanitoka na watu watasema tulipendana kazini. Wiki iliyopita waliponiletea ratiba nikaona "mtumishi wa karakana", na chini yake hakuna cheti, nilishindwa kulala.

Kwa hiyo, wafanyakazi wenzangu: Jumanne nimempelekea meneja lile boksi, daftari la vipimo, na maelezo yangu niliyoyatia sahihi. Ameniomba niyatoe haya kwenye jarida, yashughulikiwe ofisini kwanza. Mashine ya kuchapia iko stoo, na funguo za stoo bado ninazo hadi nitakapozikabidhi Ijumaa, kwa hiyo nimeyachapa. Anisamehe.

Jumatano nilikwenda kwa dada yake. Nilimweleza yote, tangu kisa cha abiria mpaka nilichokiandika kwenye daftari. Alikuwa anakunja nguo za watoto, akaacha. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu.

"Kaka alijua?"

Nikamwambia alijua tangu Jumamosi ile. Alilia sana, nami nikalia, na sikuwa na haki ya kulia pale. Kisha akaniambia niondoke nyumbani kwake nisirudi. Kama atakuja kwenye sherehe sijui. Nimeomba wamwekee kiti.

Mzee Pima, umetufundisha kazi, umetuvumilia, umetupatia injini mia nne na zaidi zilizorudisha madereva nyumbani kwao. Kwa hayo, kwa niaba ya karakana nzima, asante. Haya mengine hukuniomba niyaandike, na najua ukiyasoma utakasirika. Kasirika. Kwa miaka minne umekasirikiwa wewe kwa kosa langu; hasira hii nipe mimi, ni haki yangu. Tunakuombea siku njema huko uendako, afya, na usingizi wa kutosha. Nenda ukapumzike. Na siku moja, kama moyo utakubali, unisamehe.